Upasuaji wa goti ni nusu ya tiba, mazoezi ndiyo humsimamisha mgonjwa

ABIRIA anayeshuka matatu kwa magongo pale Kengeleni, Frere Town, hana budi kuwa mwangalifu. Tuktuk na bodaboda hupita kila upande, na utingo hana subira. Kwa mkazi aliyepasuliwa goti hospitalini kisiwani, kisha akavuka daraja la Nyali kurudi nyumbani, safari ya kupona ndiyo kwanza inaanza.

Frere Town, mtaa ulioanzishwa na wamishonari wa CMS miaka ya 1870 ili kuwapa makao watumwa walioachwa huru, ni makao ya watu wanaotegemea miguu yao kupata riziki. Wapo wachuuzi na wapagazi wa soko la Kongowea, mafundi wa mjengo na waendeshaji bodaboda. Goti likikakamaa, mlo wa nyumba nzima huwa shakani.

Daktari wa upasuaji hurekebisha kano, gegedu au mfupa. Hawezi kurejesha nguvu za msuli. Goti likivimba, neva hushindwa kuuamrisha vyema msuli mkubwa wa mbele ya paja, nao hunywea katika muda wa siku chache. Wakati huohuo makovu huanza kujengeka ndani ya kiungo. Mgonjwa akikaa tu kwa kuhofia maumivu, makovu hayo hukomaa na goti hukataa kukunjika.

Ndiyo sababu fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kwa kawaida huanza siku ileile ya upasuaji au siku ifuatayo. Mgonjwa huchezesha kifundo cha mguu juu na chini ili damu isigande, hukaza msuli wa paja akiwa amelala, na huinua mguu ulionyooka. Barafu iliyofungwa katika kitambaa huwekwa kwa dakika 15 hadi 20 kupunguza uvimbe.

Wengi hukosea kwa kuweka mto chini ya goti. Humpa mgonjwa raha, lakini humzoeza kuacha goti likiwa limepinda, na mguu usionyooka kabisa huleta kuchechemea kwa muda mrefu. Mto uwekwe chini ya kisigino.

Anayetumia gongo moja alishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, nao uliopasuliwa hutangulia kushuka.

Kukunja goti nako kuna viwango vyake. Kutembea mahali tambarare huhitaji takriban digrii 60 hadi 70. Kupanda ngazi huhitaji karibu digrii 90, na kuinuka kitini hupita hapo kidogo. Lakini kuchutama chooni, kusujudu msikitini au kuketi juu ya mbuzi kukuna nazi huhitaji zaidi ya digrii 120. Wengi waliowekewa goti bandia hawafiki huko, na ni heri jambo hilo lizungumzwe na daktari kabla ya upasuaji. Kiti cha kusalia na choo cha kukalia huwa sehemu ya matibabu.

Muda wa kupona hutegemea aina ya upasuaji. Aliyeondolewa kipande cha gegedu kilichochanika huweza kurudia kazi nyepesi baada ya wiki chache. Mwenye goti bandia huhitaji miezi mitatu hivi kufanya shughuli nyingi za kawaida, na huendelea kupata nafuu hadi mwaka mzima. Mchezaji aliyeundiwa upya kano ya katikati ya goti hushauriwa asirudi uwanjani kabla ya miezi tisa, hata kama haumwi. Mlinzi wa Liverpool, Virgil van Dijk, aliyeumia kano hiyo Oktoba 2020, hakucheza tena mechi ya ligi hadi Agosti 2021.

Maumivu madogo wakati wa mazoezi si ajabu. La kuogopwa ni shavu la mguu kuvimba na kuuma, kwani huenda damu imeganda. Kifua kikibana au pumzi zikikatika, mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja. Vivyo hivyo homa, au usaha kwenye kidonda.

Hatari nyingine ni kukandwa goti bichi na mtu asiyesomea kazi hiyo. Mkandaji aweza kufungua mshono au kukata kano iliyounganishwa juzi. Sheria ya mwaka 2014 iliunda baraza la kusajili wataalamu wa fiziotherapia nchini Kenya, hivyo mgonjwa ana haki ya kuuliza leseni.

Asiyemudu nauli ya kila wiki asikate tamaa. Amwombe mtaalamu ampangie mazoezi ya nyumbani, amwonyeshe na jamaa mmoja wa kumsimamia. Kiti imara, ukuta na taulo vyatosha kwa mengi ya mazoezi hayo, mradi yafanywe mara kadhaa kila siku bila kukosa.

Haba na haba hujaza kibaba. Goti lililokunjika digrii chache zaidi wiki hii ni hatua kuelekea siku ambayo mwenyewe atashuka Kengeleni bila gongo.