Mlio wa Tik-Tik: Mafundi Wasiotajwa Waliookoa Morris Minor za Babu

Siku hizi ukiona Morris Minor mjini, ujue kuna harusi au kuna video inashutiwa. Watu wanapiga selfie, wanaposti, wanasepa. Wachache wanauliza nani kaifanya itembee mpaka leo.

Gari hili lilizinduliwa Uingereza mwaka 1948. Mwaka 1952 likaanza kufungwa injini ya A-Series, iliyotoka mwaka mmoja nyuma kwenye Austin A30. Likafika Afrika Mashariki enzi za mkoloni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiwanda kikaacha kulitengeneza. Mzigo ukabaki kwa mafundi wa chini ya mwembe.

Ugonjwa wake maarufu ni tik-tik-tik juu ya injini. Fundi wa haraka anaseti tapeti, anapima nafasi ya milimita 0.30, anachukua chake. Kesho mlio uko palepale. Mwenye gari anaambiwa injini imekufa, auze skrepa.

Wakongwe walikuwa wanajua ishu iko wapi. Ncha ya roka inayogonga valvu huchimbika kishimo taratibu. Kile kipimo bapa kinapita juu ya kishimo, kwa hiyo nafasi halisi ni kubwa kuliko inayosomeka. Halafu shafti inayobeba roka zote 8 huliwa upande wa chini, maana pushirodi na springi za valvu zote zinasukuma roka kwenda juu. Ukiipapasa kwa juu tu, utaapa kwamba ni nzima.

Dawa ni kushusha seti yote, na hapo kuna mtego. Nati 4 kati ya zinazoshika roka ndizo hizohizo zinazobana silinda hedi. Lazima umwage maji ya rejeta kwanza, kisha ulegeze nati zote kidogo kidogo. Ukikurupuka, maji yanaingia yasikotakiwa.

Shafti iliyoliwa inabadilishwa. Roka za zamani za chuma cha kufua zinang'olewa bushi na kuwekewa mpya, na tundu la oili lazima lilingane. Likipishana, roka inakauka na kazi yote ni bure. Mwisho ncha zinasagwa mpaka kishimo kiishe.

Hakuna bango lenye majina ya wazee hao, na wengi wao wameshaondoka. Kama kitaani kwenu bado yupo mmoja, mfuate akufundishe mapema. Akiondoka naye, hiyo gari ya harusi itabaki pambo la kupigia picha.