Kutoka Dessau hadi Forest: Kanisa na Mtu Mwenye Usonji katika Historia

Utangulizi

Mchungaji ye yote anayehudumu usharikani hatakosa kukutana na mzazi aliyeleta mtoto asiyesema, asiyetazama watu usoni, anayeziba masikio kwaya inapoanza kuimba. Mara nyingi mzazi huyo amekwisha kupita kwa waganga, kwa ndugu wanaomlaumu, na pengine kwa wahubiri waliomkemea pepo mtoto wake hata mtoto akapiga mayowe. Sasa yuko mlangoni petu, naye anauliza kama mtoto huyu anaweza kufundishwa na kushiriki Meza ya Bwana pamoja na wenzake. Jibu letu laweza kumrudisha katika ushirika wa watakatifu au kumfukuza kwa upole.

Makala hii inakusudia kuwasaidia watumishi na wanafunzi wa theolojia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Tutaanza nyumbani kwetu, yaani kwa Luther mwenyewe, kisha tutaona jinsi usonji ulivyokuja kutambuliwa katika karne ya 20, na mwisho tutauliza historia hiyo inadai nini usharikani.

1. Neno la Luther juu ya mtoto wa Dessau

Katika Mazungumzo ya Mezani, ambayo hayakuandikwa na Luther bali na watu waliokula pamoja naye, imo habari ya mtoto wa miaka 12 aliyeonekana Dessau. Yasemekana alikula kama wakulima wanne, alipiga kelele alipoguswa, na alicheka nyumba ilipopatwa na baya. Luther aliwashauri watawala wamtupe mtoni. Watawala walikataa. Ndipo akashauri watu waombe kanisani Mungu amwondoe shetani, na ikafanyika hivyo mpaka mtoto akafa. Alipoulizwa sababu ya shauri lake la kwanza, alijibu kwamba aliamini mtoto wa namna hiyo ni pande la nyama tu, lisilo na roho, lililowekwa na Ibilisi mahali pa mtoto halisi.

Waandishi kadhaa wa siku za karibuni wamedai kwamba mtoto huyo alikuwa na usonji. Sisi hatuthubutu kusema hivyo, kwa kuwa maelezo ni machache na yamepita vinywa vingi. Walakini jambo moja ni wazi. Imani ya kwamba mtoto asiyefanana na wenzake amebadilishwa na shetani ilikuwa imeenea Ulaya ya siku zile, na Mtengenezaji wetu hakuwa huru nayo. Tuonapo leo watoto wakiitwa wa majini au wa kurogwa, tusidhani kwamba giza hilo ni la Afrika peke yake. Limekaa pia katika mapokeo yetu, tena mezani pa mwalimu wetu.

2. Luther apingana na Luther

Je, tumtupe Luther kwa sababu hiyo? La, bali tumpime kwa mafundisho yake mwenyewe. Katika maandiko aliyoyatoa kwa mkono wake tunakuta njia nyingine kabisa.

Kwanza, katika Utumwa wa Babeli wa Kanisa wa mwaka 1520, alifundisha kwamba watoto wachanga husaidiwa na imani ya wale wanaowaleta, akikumbuka habari ya mwenye kupooza aliyebebwa na wengine. Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529 alikaza kwamba Ubatizo hausimami juu ya imani yetu bali juu ya Neno na agizo la Mungu. Ikiwa ndivyo, basi ufasaha wa ulimi na wepesi wa akili haviwezi kuwa kipimo cha mtu kuwa mali ya Kristo.

Pili, mwaka huo huo wa 1520, katika maandiko yake juu ya Agano Jipya, yaani Misa Takatifu, alijibu swali la iwapo viziwi wapewe Sakramenti. Wengine waliona ni hekima kuwadanganya kwa kuwapa kitu kisichobarikiwa. Luther aliukataa mzaha huo. Alisema kwamba wakionyesha kwa ishara kuwa wanaitaka kwa nia ya Kikristo wapewe, na kazi ya Roho Mtakatifu iachwe kwa Roho Mtakatifu. Hapa Luther anakubali ishara mahali pa maneno. Kwa hiyo anayesimama kwenye msingi wa imani ya Kilutheri anayo sababu ya kutosha kulikataa neno la Dessau.

3. Jina lapatikana, na lawama pamoja nalo

Jina la kitaalamu ambalo kwa Kiswahili sasa twasema usonji lilitumiwa kwanza na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mnamo mwaka 1911, lakini kwa habari ya ugonjwa mwingine wa akili. Mwaka 1925 daktari wa Kirusi, Grunya Sukhareva, aliandika juu ya watoto wenye tabia ambazo leo tungeziita za usonji, wala hakusikilizwa sana. Mwaka 1943 Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11, na mwaka 1944 Hans Asperger wa Vienna akaeleza habari za wavulana wanne.

Hapo lazima tusimame kidogo. Asperger alisifiwa kwa miaka mingi kwa kuona vipawa vya watoto hao. Lakini nyaraka zilizochapishwa mwaka 2018 na mwanahistoria Herwig Czech zilionyesha kwamba alipeleka watoto wengine kwenye nyumba ya Am Spiegelgrund, mahali ambapo watoto waliohesabiwa kuwa hawafai waliuawa. Shauri la Dessau lilikuwa limerudi, safari hii likiwa limevaa koti jeupe la daktari na kupewa mhuri wa serikali. Katika Ujerumani watu wapatao 70,000 wenye ulemavu na magonjwa ya akili waliuawa kwa mpango huo kati ya 1940 na Agosti 1941, na mauaji yaliendelea kwa siri baadaye. Wachungaji wachache walisimama. Paul Gerhard Braune aliandika hati ya kupinga mwaka 1940 akatiwa kifungoni, na Friedrich von Bodelschwingh wa Betheli alijitahidi kuwazuilia wauaji watu aliowatunza. Wengi walinyamaza.

Baada ya vita watoto hawakuuawa tena, lakini mama zao walihukumiwa. Wataalamu walifundisha kwamba usonji huletwa na mama asiye na upendo, na kitabu cha Bruno Bettelheim cha mwaka 1967 kiliieneza hukumu hiyo. Bernard Rimland, baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa amekwisha kuipinga mwaka 1964. Kanner naye, ambaye maandiko yake ya awali yalichangia lawama hiyo, aliwaambia wazazi hadharani mwaka 1969 kwamba hawana hatia. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, nne zilikuwa na usonji wote wawili. Katika jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Hivyo ilionekana kwamba chanzo kikubwa kimo katika maumbile ya mtoto tangu mwanzo, wala si katika malezi. Vivyo hivyo dai la mwaka 1998 kwamba chanjo ya surua huleta usonji liliangushwa na uchunguzi, na jarida lililolichapisha lililifuta mwaka 2010.

4. Wakulima wa Mississippi

Kati ya watoto 11 wa Kanner, wa kwanza alikuwa Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Mwaka 1937, akiwa hajatimiza miaka minne, aliwekwa katika nyumba ya kutunzia watoto, mbali na wazazi, kwa ushauri wa madaktari. Huko alizidi kunyamaza. Wazazi wake walimrudisha mwaka uliofuata. Baadaye alikaa kwa mkulima na mkewe, watu wasio na elimu kubwa. Mtoto alipenda mno kuhesabu na kupima. Wakulima hawakumkataza, bali walimpa kisima achimbe na kupima kina chake. Alipohesabu mistari ya mahindi bila kukoma, walimwachia aihesabu huku akiilima. Alipookota ndege na wadudu waliokufa, walimpa kipande cha ardhi awazike. Kanner alipowatembelea mwaka 1945 alistaajabia hekima yao.

Donald alisoma, akafanya kazi katika benki ya mji wake kwa miongo mingi, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi, akafa mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Kinyume chake, Kanner alipoandika tena juu ya watoto wale mwaka 1971, alisikitika kwamba waliofungiwa katika hospitali za serikali walikuwa wamefifia. Tusiseme kwamba kila mwenye usonji atafanya kazi benki. Wengine watahitaji kulishwa na kuvikwa maisha yao yote, na thamani yao haipungui. Tunachojifunza ni kwamba wale wakulima hawakungoja mtoto abadilike ndipo wampe nafasi. Walitazama alichopenda, wakakitafutia kazi.

5. Matumizi usharikani

Kwanza, tuseme wazi mimbarani kwamba usonji si pepo, si laana, wala si dhambi ya mama. Kumkemea pepo mtoto anayeumizwa na kelele ni kumwongezea maumivu kwa jina la Yesu.

Pili, tufahamu kwamba kwa wengi wao sauti, mwanga na kuguguswa huwa vikali kupita kiasi, na mabadiliko ya ghafula huwatisha. Vipaza sauti vipunguzwe. Asiyetaka kushikwa mkono wakati wa amani asilazimishwe. Na apewe mahali karibu na mlango, atoke na kurudi bila kutazamwa vibaya. Hapa liturgia yetu ni rafiki, kwa maana hurudia maneno yale yale kwa utaratibu ule ule. Siku utaratibu utakapobadilika, aambiwe mapema.

Tatu, mafundisho ya kipaimara yatolewe kwa picha, kwa vitendo na kwa maneno mafupi yasiyo ya mafumbo. Asiyesema aonyeshe kwa ishara, kama Luther alivyokubali kwa viziwi.

Nne, wazee wa kanisa na jumuiya wamsaidie mzazi kwa zamu, hata kwa saa mbili tu, apate kulala au kwenda sokoni. Mama aliyechoka huhitaji mikono kabla ya mahubiri.

Hitimisho

Hospitali ya Lutindi katika milima ya Usambara inatukumbusha kwamba Walutheri wa nchi hii walipokea mapema urithi wa udiakonia kwa wale ambao jamii iliwaficha. Basi tuna mapokeo mawili mikononi mwetu, lile la mtoni Dessau na lile la Ubatizo. Yote mawili yamebeba jina la Luther, na hatuwezi kuyashika pamoja. Mzazi aliye mlangoni hajui lolote juu ya Mazungumzo ya Mezani, lakini kwa jinsi tutakavyompokea mtoto wake atajua ni lipi tumelichagua.