Mandhari na Kumbukumbu: Sam Ntiro na Wachoraji wa Makerere

Neno mandhari limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama, mzizi uleule uliotupa nadhari na nadharia. Kwa asili yake, basi, mandhari ni kile kinachoonwa na jicho. Maana hiyo inawafaa sana wachoraji wa Ufaransa wa mkondo wa impreshonisti. Katika miaka ya 1870 Claude Monet aliishi Argenteuil, kando ya mto Seine, ambako wenzake, wakiwamo Renoir na Sisley, walikuja kuchora naye. Walitoka nje na vitambaa vyao vya kuchorea, wakainasa nuru ya maji kabla haijabadilika.

Je, kipimo hicho kinamfaa Sam Joseph Ntiro (1923–1993), mchoraji wa Uchagani? Ntiro alisomea sanaa Makerere kwa Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo hayo mwishoni mwa miaka ya 1930. Trowell alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi tukio, kila mmoja akalichora alivyoliona moyoni. Ntiro aliishika njia hiyo hata baada ya kusoma katika chuo cha Slade, London. Aliuchora Uchaga kutokana na kumbukumbu, na katika picha zake migomba na vilima vimejaa watu kazini. Picha yake ya 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York.

Wapo waliouona uchoraji huu kuwa wa kitoto. Hukumu hiyo inatokana na kulifanya jicho kuwa hakimu pekee. Hapa nchini kuna ushahidi wa kale wa mtazamo mwingine. Wilayani Kondoa, ambamo imo kata ya Busi, michoro ya miambani ya Kolo, iliyomo katika Urithi wa Dunia tangu 2006, imejaa watu na wanyama. Ardhi yenyewe huchorwa kwa nadra tu. Sidai kwamba Ntiro aliirithi michoro hiyo. Ninachodai ni kwamba istilahi za uhakiki hubeba vipimo vya zilikotoka. Kwa Ntiro, mandhari ni nchi pamoja na kazi ya wakazi wake. Wanaotunga kamusi zetu za sanaa hawana budi kuipa maana hiyo nafasi. La sivyo, wanafunzi wetu wataendelea kumpima kwa nuru ya Argenteuil, na kumwona amepungukiwa.