Misimu ya kilimo inavyoongoza maisha ya ndege Mombasa bara

WAKULIMA wa Likoni, Kisauni na Changamwe hupanda mahindi, kunde na mihogo kwa kufuata mvua za masika, ambazo hunyesha zaidi kati ya Aprili na Juni, na zile za vuli za Oktoba hadi Desemba. Ndege wa mwitu nao hufuata kalenda iyo hiyo, kwani kila hatua ya kilimo huwaongezea chakula au kuwapunguzia.

Shamba linapolimwa, anayewahi kufika ni yangeyange. Ndege huyu mweupe huandama jembe na ng'ombe ili ale panzi na wadudu wengine wanaofurushwa majanini. Mbegu zikishafukiwa, huja kunguru, ambao hufukua punje na kung'oa miche michanga.

Mvua zikikolea, mnana husuka viota vyao minazini kwa nyuzi wanazochana kwenye makuti na majani marefu. Mnana mzima hupenda nafaka, lakini makinda yake hulishwa wadudu, wakiwemo viwavi. Hivyo, ndege anayemnufaisha mkulima mimea ikiwa michanga ndiye anayemtia hasara punje zinapoanza kutia maziwa.

Kipindi hicho ndicho wazee wa Pwani walichokiita cha kuamia. Mlinzi, mara nyingi mtoto, alishinda juu ya dungu akiwafukuza ndege kwa kelele na kombeo. Mtama na mpunga huhitaji ulinzi huo zaidi, kwa kuwa punje zake zi wazi, ilhali mahindi hufunikwa na maganda. Watoto walipoanza kwenda shule, kazi hiyo ilikosa watu, na ni miongoni mwa sababu za wakulima wengi kuuacha mtama.

Ndege wa nafaka anayeogopwa zaidi nchini ni kwelea, ambaye huvamia hasa mashamba ya mpunga na ngano mbali na Mombasa. Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 kwa siku. Kundi la milioni 2 humaliza tani 20. Chakula chake cha asili ni mbegu za nyasi. Zinapoisha au kuota, hugeukia mashamba. Mnamo Januari 2023, makundi yake yalishambulia mpunga Kisumu, na serikali ikanyunyizia dawa ya fenthioni. Dawa hiyo huweza pia kuwaua mwewe na bundi wanaokula mizoga ya kwelea.

Baada ya mavuno, punje zilizodondoka na mbegu za magugu huwalisha njiwa, tetere na chiriku. Mkulima anapochoma mabua mara moja, akiba hiyo hutoweka. Nchini Uingereza, ambako ngano nyingi sasa hupandwa kabla ya majira ya baridi na mashamba hayaachwi na mabua, ndege wa mashambani wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu 1970.

Mombasa bara inakabiliwa na tishio jingine: mashamba kugeuzwa ploti. Minazi ikikatwa, mnana hukosa pa kutagia, huku taka zikimneemesha kunguru wa Kihindi. Ndege huyo aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na kuonekana Mombasa kufikia 1947. Hula mayai na makinda ya ndege wa kienyeji.

Hata hivyo, kuwaangamiza ndege wote si suluhisho. China ilianzisha kampeni ya kuwaua shomoro mwaka wa 1958, wadudu wakaongezeka na kuzidisha uharibifu wa mimea, na kufikia 1960 shomoro wakaondolewa katika orodha ya maadui.

Kwa mkulima mdogo, njia salama ni kupanda wakati mmoja na majirani ili mazao yakomae pamoja na hasara isimwangukie mmoja, kuvuna bila kuchelewa, na kuwaamia ndege katika majuma machache ya punje changa. Sumu iliyochanganywa na nafaka haichagui: humuua anayekula mazao pamoja na anayekula viwavi.