Swali kwa Hazina: miaka 100 ya kuuliza, kutoka Mbulu hadi Loduare

Desemba 2026 inatimia miaka 100 tangu Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipokaa kwa mara ya kwanza mjini Dar es Salaam, enzi za Gavana Donald Cameron. Mengi ya baraza lile yamezikwa pamoja na ukoloni. Desturi moja imebaki, na Bunge letu huifungua nayo siku yake ya kazi: mjumbe anasimama na kumuuliza mshika fedha za nchi kwa nini watu wanatozwa, wanatozwa kiasi gani, na kilichotozwa kimekwenda wapi. Nimechagua kuisimulia desturi hiyo kutokea Karatu na Ngorongoro, kwa kuwa wilaya hizi mbili zimeijua kwa sura zake zote: zimewahi kunyimwa swali, zimewahi kulitumia kwa ukali, na zimewahi kuwa na mbunge ambaye nafasi yake haikumruhusu kuuliza.

Mwanzoni huku hatukuwamo. Baraza la 1926 lilikuwa na wajumbe 7 tu wasio watumishi wa serikali, Wazungu 5 na Waasia 2. Mwiraqw wa Karatu, Mmaasai wa nyanda za Ngorongoro na Mdatoga wa bonde la Eyasi walikuwa chini ya sheria ya kodi ya nyumba na kichwa, lakini hakuna aliyeweza kusimama barazani kuuliza inafanya kazi gani. Walowezi wa kahawa waliofungua mashamba Oldeani waliwaona watu wa jamii yao wamekaa ndani ya ukumbi. Na kodi ya mapato, iliyowagusa wao zaidi, haikuanza kutozwa hadi 1940. Waafrika wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Usukumani, waliingia mwaka 1945, nao kwa kuteuliwa.

Kisha ukaja uchaguzi wa Agosti 1960. TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kile kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, na Karatu wakati huo ilikuwa ndani ya Mbulu. Wapiga kura walimwacha mgombea rasmi wa chama, Chifu Amri Dodo, wakamchagua Herman Sarwatt aliyesimama kama mgombea binafsi. Sarwatt hakuwa mpinzani wa uhuru, na alikwenda kufanya kazi na TANU. Ila nchi nzima ilipoelekea upande mmoja, watu wa huku waliona mwakilishi ni wa kwao kumchagua. Nalitaja hili kwa sababu miaka 35 baadaye walifanya vilevile, na safari hiyo Hazina ilihusika moja kwa moja.

Lakini kwanza tuone swali lina uzito gani kisheria, maana wengi hulichukulia kama mazungumzo ya asubuhi kabla ya kazi kuanza. Ibara ya 63 ya Katiba ya 1977 inalipa Bunge mamlaka ya kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 138 inasema hakuna kodi itakayotozwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Ukiishia hapo utadhani mbunge anaweza kuamka na kupendekeza kodi mpya au kodi ipandishwe. Hawezi. Ibara ya 99 inafunga njia hiyo: jambo la kutoza kodi au kuibadili, isipokuwa kuipunguza, lazima lipendekezwe na Rais, na liwasilishwe na waziri. Na Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Kwa hiyo mbunge wa kawaida, mwenye watu wanaolia na ushuru wa vitunguu, ni nadra awe na muswada wa kupeleka. Ana mchango wake wakati wa bajeti, kura yake, na swali. Kati ya hivyo vitatu, swali peke yake ndilo linalomlazimu waziri kurudi na jibu la maandishi lenye namba, likaingia katika Taarifa Rasmi za Bunge (Hansard) na kukaa humo.

Ukitaka kujua kura peke yake ina nguvu kiasi gani, kumbuka 1973. Wabunge wa chama kimoja waliukataa muswada wa kodi ya mapato. Mwalimu Nyerere aliwakabili, akawaonya kuwa Bunge linaweza kuvunjwa, na muswada ukapita. Ulikuwa wakati mgumu kwa yeyote aliyetaka kuibana Hazina. Hata hivyo maswali hayakukoma katika miaka yote ya chama kimoja, Adam Sapi Mkwawa akiwa Spika kwa sehemu kubwa yake, na mawaziri kama Amir Jamal, Cleopa Msuya na Edwin Mtei wakipokezana fedha za nchi.

Ngorongoro ikawa wilaya mwaka 1979, ikakatwa kutoka Wilaya ya Masai, na Moringe Parkipuny akawa mbunge wake kuanzia 1980 hadi 1990. Alichokidai kwa muongo mzima kinaeleweka na kila mtu aliyewahi kusimama Loduare, kwenye lango la kuingilia Hifadhi ya Ngorongoro, akahesabu magari: hifadhi ya kilometa za mraba 8,292 linaingiza fedha za wageni, na wenyeji wanaoishi humo na mifugo yao wanapata nini? Mwaka 1989 alilipeleka suala la haki za wafugaji hadi Geneva, mbele ya kikundi cha Umoja wa Mataifa.

Upande wa Karatu, mwaka 1995 Wilbrod Slaa, aliyekuwa padri wa Kanisa Katoliki, alishinda ubunge kwa tiketi ya CHADEMA, chama kilichoanzishwa na Mtei yuleyule aliyejiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979 kwa kutofautiana na Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Slaa alikaa bungeni miaka 15. Mwaka 2007 alilipeleka bungeni suala la fedha zilizotoka Benki Kuu kupitia akaunti ya madeni ya nje, EPA. Nyaraka zake zilitiliwa shaka na hoja haikufika mbali ndani ya ukumbi, akaenda kuisema hadharani Mwembeyanga, Temeke, Septemba ile. Januari 2008 ukaguzi ulionyesha kuwa kampuni 22 zililipwa takriban shilingi bilioni 133 isivyostahili katika mwaka wa fedha 2005/06, na Gavana wa Benki Kuu akaondolewa. Kwangu hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia hii. Mbunge wa jimbo la wakulima wa ngano na mbaazi aliuliza, akakataliwa, na hesabu zikamthibitisha. Baadaye Slaa aliongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa.

Kwa mkulima, swali la Hazina huwa karibu zaidi na gunia. Mwaka 2003 Waziri Basil Mramba alifuta kodi ya maendeleo na ushuru mwingi wenye kero. Wananchi walifurahi, kwa haki kabisa. Halmashauri nazo zikabaki zikitegemea zaidi ruzuku ya Hazina, na ndiyo sababu swali la zahanati au la barabara ya Mang'ola sasa huishia kwa mshika fedha hata likipelekwa wizara nyingine. Juni 2017 Waziri Philip Mpango alitangaza kushusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na kuwaondolea tozo wanaosafirisha mzigo usiozidi tani moja kati ya halmashauri. Agosti ya mwaka huohuo India ikaweka kikomo cha kuagiza mbaazi, na bei ikaporomoka. Nafuu ya ushuru haikufidia hasara ya soko, na mkulima wa Karatu akajifunza kwamba jibu la Dodoma laweza kutenguliwa New Delhi.

Kwa Ngorongoro yalikuja mawili. Julai 2016 msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa huduma za utalii uliondolewa, na asilimia 18 ikaongezeka juu ya gharama ya safari. Julai 2020 Sheria ya Fedha ikaelekeza mapato ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro yakusanywe na Mamlaka ya Mapato (TRA) na kuingia Mfuko Mkuu wa Hazina. Mamlaka ya Hifadhi ikawa inasubiri mgao wa bajeti kama idara nyingine. Marekebisho ya baadaye yamerudisha sehemu ya fedha hizo, si zote. Katika miaka hiyo mbunge wa Ngorongoro alikuwa William Ole Nasha, Naibu Waziri tangu Desemba 2015 hadi alipofariki Septemba 2021. Alikuwa mtumishi mwenye heshima, na simlaumu. Lakini naibu waziri hujibu maswali, haulizi. Fedha za lango la Loduare zilihamishwa mfuko huku kiti cha jimbo lenye lango kikiwa upande wa Serikali.

Utaratibu wenyewe haujabadilika sana. Saa tatu asubuhi, baada ya dua na hati za mezani, mbunge anaitwa na swali lake la msingi linapewa namba. Naibu waziri anasimama, "kwa niaba ya Waziri wa Fedha", na kusoma jibu lililoandaliwa kwa siku nyingi. Mara nyingi jibu hilo huishia kwenye kauli ya kutegemea upatikanaji wa fedha. Uhai uko kwenye maswali ya nyongeza, kwa kuwa hayaandikwi kabla, na hapo mbunge aliyekuja na tarakimu zake hutambulika kwa dakika moja. Aliyekuja kuomba tu hupewa ahadi na kuketi.

Swali ambalo wafugaji wa Nainokanoka na Endulen wanastahili kulisikia likisomwa asubuhi moja Dodoma si refu: tangu Julai 2020, Hazina imepokea shilingi ngapi kutoka Ngorongoro, imerudisha ngapi kwa mamlaka, na kati ya hizo ni ngapi zimefika kwenye shule, zahanati na maji ya wanaoishi ndani ya hifadhi, mwaka kwa mwaka?