Kichujio cha Rangi

Mrina asali wa Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, akipanda mzingani usiku na tochi iliyofunikwa plastiki nyekundu, atakuwa amechuja mara mbili kabla asali haijafika sokoni. Mara ya pili ni ile tunayoijua sote: masega yanakamuliwa, asali inamiminwa juu ya kitambaa safi, nta na mabuu hubaki juu. Mara ya kwanza alichuja mwanga.

Gereji wanasema "filta", nami sina ugomvi na fundi anayebadilisha filta ya oili. Katika somo la mwanga, hata hivyo, nashikilia neno kichujio, kwa sababu kitenzi chake kinabeba fizikia yenyewe. Wengi hudhani kioo chekundu huupaka mwanga wekundu. Hakipaki kitu. Mwanga mweupe wa jua au wa tochi unazo tayari rangi zote za upinde wa mvua. Kioo hunyonya kijani na buluu, kikaachia nyekundu ipite. Kinachotoka ni pungufu ya kilichoingia, kama asali na kitambaa chake. Ndiyo maana ukipandanisha kichujio chekundu kizito na cha kijani hupati rangi ya tatu, unakaribia giza. Na kanga ikififia kwa kufuliwa tunasema imechujuka, neno la mzizi uleule.

Njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapahapa Unyanyembe, eneo la Tabora, na katika njia hiyo rangi ilikuwa fedha. Mpelelezi Mwingereza Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kuwa shanga nyekundu za samisami zilipewa hata jina lenye maana ya kuvunja mji, kwa jinsi zilivyotamaniwa. Mpelelezi mwenzake Stanley, mwaka 1871, alilazimika kujua kwamba shanga nyeusi zilikubalika Ugogo na kukataliwa kwingine, na kwamba nyeupe zilipendwa Ufipa. Kukosea rangi kulikuwa kukosa chakula cha wapagazi.

Sasa chukua ushanga mmoja wa samisami na mmoja mweupe, uzitazame kupitia kioo chekundu. Zote mbili zinang'aa nyekundu, na kuzitofautisha ni kazi: mweupe unarudisha kila rangi, lakini kioo kimeruhusu nyekundu tu. Badilisha, weka kioo cha kijani kibichi. Mweupe unakuwa wa kijani, na samisami inakuwa nyeusi, kwa kuwa rangi pekee inayoirudisha imezuiwa njiani. Shanga hazikuguswa. Rangi tunayoiona ni mapatano ya kitu, mwanga unaokiangukia na jicho, na kichujio humnyamazisha mmoja wa wanaopatana.

Kaniki nayo, nguo iliyotiwa nili, huonekana nyeusi tii kando ya moto wa kambi. Hapo tusiseme kichujio. Mwanga wa kuni, kama wa koroboi, una buluu kidogo mno tangu kwenye chanzo chake, kwa hiyo nili inakosa cha kurudisha. Mwandishi wa istilahi atenganishe mwanga uliochujwa na mwanga uliozaliwa na upungufu, ingawa jicho linaona matokeo yanayofanana.

Turudi mzingani. Mwaka 1914 mwanasayansi Karl von Frisch alionyesha kwamba nyuki wanatambua rangi, lakini nyekundu kwao ni kama giza. Jicho letu hupokea mawimbi ya takriban nanomita 400 hadi 700. La nyuki huanzia 300 hivi, ndani ya urujuanimno tusiouona sisi, na kukomea karibu na 650. Tochi nyeupe usiku huwavuta nyuki moja kwa moja kwenye mkono ulioishika. Plastiki nyekundu inazuia sehemu ya mwanga wanayoiona wao na kumwachia mrina ile anayoiona yeye. Anaona sega, anaona moshi ukipanda, anawaona nyuki wakitambaa ukingoni. Kwao, tochi hiyo ni kama haijawashwa.