Ua la Korongo, Uwanda wa Ufipa

Ukiuliza pale Sumbawanga ua la jeraniamu limetoka wapi, wengi watakujibu: "Hilo la Wazungu, la misheni." Bibi yangu naye alisema hivyo hivyo, huku akilipanda kwenye makopo ya mafuta barazani. Na kwa kuwa lilikuwa mgeni, alilidekeza: maji asubuhi, maji jioni, samadi juu. Likajaa majani, maua mawili matatu, kisha shina likaoza.

Historia inasema vingine. Jamii ya jeraniamu za makopo, Pelargonium, kwao hasa ni kusini mwa Afrika. Meli zilizopita Rasi ya Tumaini Jema ndizo zilizozipeleka Ulaya, na kufikia miaka ya 1630 zilishaoteshwa Uingereza. Mwaka 1753 Linnaeus aliziweka chini ya jina Geranium, kutoka neno la Kigiriki la ndege mwenye mdomo mrefu, kwa sababu tunda lake limechongoka kama mdomo huo. Mwaka 1789 Mfaransa L'Héritier akazitenga, akazipa jina la ndege mwingine. Kiswahili hakina haja ya ugomvi huo: ndege wote wawili tunawaita korongo.

Mapadri Weupe walikabidhiwa Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na baadaye wakapanda hadi Ufipa. Hata kama ua lilikuja nao, basi lilikuwa linarudi bara lake. Tena ndugu yake wa porini, Pelargonium luridum, huota kwenye mbuga za nyasi za nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Ana mzizi mnene unaohifadhi chakula, anavumilia kiangazi.

Hapo ndipo bibi alipokosea: alimlea mwenyeji kama mgeni. Mmea huu unajua ukame. Toboa kopo chini. Mwagilia udongo wa juu ukishakauka, hasa Juni na Julai baridi inapouma. Uweke juani. Samadi kidogo tu, ikizidi utavuna majani. Kichwa cha maua kikinyauka, kikate pamoja na kikonyo chake, mmea usipoteze nguvu kwenye mbegu. Utatoa vichwa vingine kwa miezi. Udongo? Wafipa wanaofukia nyasi kwenye matuta ya ntumba hawahitaji somo: chukua ule wa tuta lililokwisha kuoza, mwepesi, usiotuamisha maji.

Nimepanda kopo moja hivyo. Bado linachanua, na wageni wangu bado wanauliza limetoka Ulaya gani.